Umwagiliaji wa matone Unguja na Pemba: pima maji kwanza, mpira ununue baadaye

Kiangazi cha Januari na Februari, kaskazi ikiwa imeshika, konde la tungule la robo eka lililoanza kuzaa linataka karibu lita 4,000 za maji kwa siku. Hesabu yake ni nyepesi. Jua na upepo wa msimu ule hunyonya kiasi cha milimita 5 za maji kila siku kutoka ardhini na kwenye majani, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000, yaani lita 5,000 iwapo mimea imefunika ardhi yote. Tungule zilizopandwa kwa mistari hazifuniki yote, kwa hiyo toa sehemu moja katika tano. Zinazobaki ni sawa na ndoo 200 za lita 20, kila siku, mpaka masika yaanze Machi. Hapo ndipo bustani nyingi zinapokwama: kisima kina maji, lakini mikono haiwezi.

Mipira ya matone, yaani mabomba membamba laini yenye matundu madogo yanayodondosha maji, inaondoa kazi ya ndoo na inapeleka maji kwenye shina, si njiani baina ya matuta ambako yanaotesha magugu tu. Ila mifumo mingi inaharibika kabla mpira haujatandikwa, kwa sababu mtu hununua mpira kwanza, halafu tangi, na maji akayafikiria mwisho. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake. Anza na maji, kisha kimo cha tangi, kisha udongo, kisha mabomba. Mpira unakuja mwisho, na ukifika hapo kazi iliyobaki ni ndogo.

Maji mangapi, na yana chumvi kiasi gani

Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Washa pampu, kinga ndoo, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, pampu yako inatoa lita 1,800 kwa saa. Sasa iache iendelee mpaka maji ya kisima yaonekane yameshuka, izime, na utazame yanachukua muda gani kurudi pale yalipokuwa. Kisima kinachotoa lita 1,000 kisha kikakauka mpaka kesho yake hakiwezi kulisha robo eka ya tungule wakati wa kiangazi, hata ukikiwekea pampu kubwa namna gani. Fanya kipimo hicho mwisho wa Februari, si Mei, kwa sababu Mei kila kisima ni kizuri. Aliye na zile eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 asitamani kuzitandika zote: kila eka moja ya mboga inayozaa inataka lita 16,000 kwa siku. Ni bora robo eka inayoshiba kuliko eka nzima inayokonda.

Chumvi ndiyo inayotutofautisha na mkulima wa bara. Visiwa vyetu vimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji matamu yaliyo chini yanaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa kanuni ya jumla, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na kama mita 40 za maji matamu chini yake. Mizani hiyo inafanya kazi pande zote mbili: ukiyashusha maji ya kisima kwa nusu mita kwa pampu yenye nguvu, maji ya chumvi yanaweza kupanda mita 20 kutoka chini. Ndiyo maana kisima cha Jambiani, Paje au Makunduchi kinaweza kuwa kitamu asubuhi na cha chumvi mchana wa siku hiyo hiyo. Dawa yake ni kuvuta maji kidogo kidogo kwa muda mrefu. Pampu ndogo ya sola inayotoa lita 700 kwa saa kwa saa sita ni rafiki wa kisima cha pwani kuliko injini ya petroli inayokikausha kwa saa moja.

Pima chumvi kwa kipimo kidogo cha mkononi kinachosoma milisimensi kwa sentimita (mS/cm). Pima unapoanza kuvuta, pima tena baada ya saa mbili, na rudia siku za bamvua, kwa sababu visima vya karibu na pwani vinapanda na kushuka pamoja na bahari. Maji yakisoma chini ya 0.7, panda utakacho. Maharage huanza kupoteza mazao maji yakizidi 0.7, vitunguu 0.8, pilipili boga 1.0. Tungule na matango huvumilia mpaka kama 1.7. Kwa hiyo mtu mwenye maji ya 1.5 asihangaike na maharage. Hata akitandika mipira ya bei kubwa kuliko yote, mimea itadumaa na majani yataungua kingoni, naye atadhani ni ugonjwa.

Kimo cha tangi

Maji yanasukumwa na kimo chake. Mita 10 za kimo ni presha ya bar moja, mita moja ni sehemu moja ya kumi ya hiyo. Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Mipira hii imekusudiwa kufanya kazi kwa pampu, na namba iliyoandikwa kwenye roli, tuseme lita 1 kwa saa kwa kila tundu, ni ya presha ya bar moja. Wewe una tangi juu ya ukuta wa mita 2. Maji yanayotoka kwenye tundu la kawaida hupungua kwa kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo kwa mita 2 tundu la lita 1 linatoa kama lita 0.45. Mfumo haujaharibika, unataka muda zaidi tu. Anayemwagilia saa moja kwa sababu kipeperushi kilisema saa moja, anaipa mimea chini ya nusu ya haja yake.

Tuchukue konde la mita 25 kwa 40. Mistari 20, kila mmoja umeachana na mwenzake mita 1.25, kila mstari mita 40: mpira unaohitajika ni mita 800. Matundu yakiwa kila sentimita 30, utakuwa na matundu kama 2,670. Kila moja likitoa lita 0.45, konde zima linakunywa lita 1,200 kwa saa. Haja ya siku ni lita 4,000, kwa hiyo koki ikae wazi saa tatu na dakika ishirini. Tungule zikiwa zimepandwa sentimita 60, kila shina linapata matundu mawili na kama lita 3 kwa siku. Wiki tatu za mwanzo baada ya kuhamisha miche, thuluthi moja ya hapo inatosha, saa moja na dakika chache.

Tangi la lita 2,000 lijazwe mara mbili kwa siku. Likijaa lina uzito wa tani mbili, na hili si la kuliwekea vijiti. Jenga kwa matofali ya saruji au mawe, msingi uingie ardhini, juu uweke zege bapa, maana tangi la plastiki lililokaa kwenye mbao zenye mapengo hupasuka kitako. Hesabu kimo kuanzia kitako cha tangi, si kuanzia juu, kwa sababu presha inashuka kadiri maji yanavyoisha na ile ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Tundu la kutolea maji liwe sentimita 10 juu ya kitako ili tope lituame chini yake, na kwenye kitako pawe na koki ya kusafishia. Tangi liwe jeusi au lifunikwe. Tangi jeupe linalopitisha mwanga linaota mwani wa kijani ndani ya wiki chache, na mwani ule ule unakwenda kuziba matundu.

Kwa anayefikiria sola: kupandisha lita 4,000 kwa siku kutoka kisima cha mita 10 mpaka kwenye tangi hilo hakuhitaji nguvu kubwa. Paneli ya wati 200 na pampu ndogo ya kuzamishwa vinatosha, iwapo paneli haiko chini ya kivuli cha mnazi.

Bomba ndilo linalokula presha

Kosa la bomba jembamba limewakatisha tamaa watu wengi. Lita 1,200 kwa saa zikipita mita 25 za bomba la milimita 20, lile la nusu inchi, zinapoteza zaidi ya mita 5 za presha. Wewe unazo mbili. Maana yake maji hayo hayatapita kabisa. Yatapita kiasi kidogo, mistari ya karibu itashiba na ya mbali itakauka. Umbali huo huo kwa bomba la milimita 32 (inchi moja) unakula kama sentimita 37, na kwa milimita 40 (inchi moja na robo) sentimita 12 au 13. Kwa tangi la kimo kidogo, bomba kuu la milimita 40 ndilo la kununua. Ukikosa fedha, punguza konde. Usipunguze bomba.

Kwenye mpira wenyewe hasara ni ndogo. Mstari wa mita 40 kwa presha hii unapoteza sentimita chache tu, mradi ardhi iwe tambarare. Kinachoumiza ni mabonde na vinundu: ardhi ikipanda sentimita 20, umepoteza sehemu moja ya kumi ya presha yako yote. Kama konde halijalingana, weka bomba la kugawa katikati, mistari itoke mita 20 huku na mita 20 kule.

Kutoka kwenye tangi, vitu vifuatane hivi: koki, chujio, bomba la kupumulia, bomba kuu, bomba la kugawa, konekta, mipira. Chujio liwe la diski, la matundu 120 kwa inchi (mesh 120), na ulichukue kubwa kuliko bomba, inchi moja na nusu kwa bomba la inchi moja na robo, kwa sababu chujio dogo likishika uchafu kidogo tu linakaba maji yote. Bomba la kupumulia ni kipande kilichosimama wima baada ya koki, wazi juu, kirefu kuliko usawa wa maji ya tangi. Kazi yake inaonekana unapofunga koki: maji yaliyomo kwenye mistari yanateremka, yanavuta pumzi nyuma yake, na bila njia ya hewa yanaivuta kupitia matundu pamoja na tope lililoyazunguka. Ni kipande cha bei ndogo na karibu kila konde linakikosa.

Unapotoboa bomba la kugawa, tumia keekee yenye kipimo kinacholingana na raba za konekta zako, jaribu kwenye kipande kibovu kwanza. Tundu likizidi milimita moja raba inavuja siku zote. Ukishatoboa yote, usifunge mipira. Fungua maji, yaache yatoe vinyuzi vya plastiki vilivyoingia ndani wakati wa kutoboa. Kisha funga mipira, ncha zake ziwe wazi, yaache maji yatoke mpaka yawe safi, ndipo ukunje ncha na kuzibana kwa kipande cha mpira huo huo kilichokatwa kama pete. Wanaoruka hatua hii wanaziba matundu yao siku ya kwanza.

Mpira wa matone wa unene wa milimita 0.15 ni wa msimu mmoja au miwili. Wa 0.2 au zaidi hudumu zaidi na unastahimili kukanyagwa. Utandike mstari wa matundu ukitazama juu: mchanga unaopita kwenye chujio unalala chini ndani ya mpira na hauingii kwenye tundu. Uvute unyooke bila kuukaza, maana mchana wa jua unarefuka na usiku unajikunyata. Ukiukaza mchana, usiku unachomoka kwenye konekta.

Udongo unaamua muda

Tone likianguka kwenye kichanga linashuka kama linaingia kwenye chekeche. Duara lake juu ni sentimita 20 mpaka 30 tu, na maji yaliyozidi yanapita mizizi pamoja na mbolea. Kwa kichanga, nunua mpira wenye matundu kila sentimita 20 na ugawe muda: nusu yake saa 12 asubuhi, nusu yake saa 10 jioni. Kinongo, ule udongo mwekundu wa Unguja, unashika vizuri zaidi. Duara lake hufika sentimita 40 au 50, na matundu ya sentimita 30 yanafaa, mara moja kwa siku. Kinamo cha mabondeni kinatanua maji mpaka sentimita 60 lakini kinayanywa polepole. Humo ni bora kumwagilia siku moja na kuruka moja kuliko kuacha matope yakizunguka shina, kwa sababu mizizi inahitaji hewa na tungule iliyokaa kwenye tope inaoza shingoni.

Usiamini macho. Uso wa ardhi unadanganya: kichanga kinaonekana kikavu juu na chini kimelowa, kinamo kinaonekana kimelowa na chini ni kikavu. Nusu saa baada ya kufunga koki, chimba kando ya shina kwa mkono au panga mpaka sentimita 30. Kamata udongo wa kina hicho, ukaze mkononi. Ukishikana na kubaki umbo la ngumi bila kutoa maji, muda ni sahihi. Ukivunjika, ongeza nusu saa. Ukichuruzika, punguza. Ukishafanya hivyo mara mbili tatu kwenye kila sehemu ya konde utaijua ardhi yako kuliko ushauri wowote wa jumla, pamoja na huu.

Juu ya mipira funika kwa makuti yaliyokatwa, majani makavu au makumbi. Safu ya sentimita 5 inazuia jua lisinyonye maji juu ya udongo, inaokoa mpira usichomwe na jua, na inawapunguzia palizi wenye majembe. Majembe ndiyo adui namba moja wa mipira. Panya anakuja wa pili, hasa mfumo ukikaa bila maji siku nyingi, kwa sababu anaguguna kutafuta unyevu. Weka konekta za kuungia kumi za akiba nyumbani. Mpira uliokatwa hurekebishwa kwa dakika mbili, lakini mstari uliofungwa kwa mfuko wa plastiki unavuja mpaka msimu uishe na kuinyima maji mistari mingine.

Maweni, na milima ya Pemba

Upande wa mashariki wa Unguja, kwenye maweni, hakuna matuta yaliyonyooka. Udongo upo kwenye mifuko baina ya mawe, hapa ndoo moja, pale toroli zima. Mpira wenye matundu ya sentimita 30 unadondosha nusu ya maji yake juu ya jiwe. Tumia bomba laini la milimita 16 lisilo na matundu, lipitishe palipo na mifuko, na toboa mwenyewe pale penye shina, uchomeke kitufe cha matone kimoja kimoja. Pale ambapo bomba haliwezi kukaribia, kitufe kiunganishwe na kimrija chembamba cha sentimita 50 kinachoshikwa na kijiti. Ni kazi ya taratibu, lakini hakuna tone linaloanguka ovyo, na kwenye ardhi hii ndiko matone yanakoonyesha faida yake kubwa kuliko popote. Mifuko ile ni midogo, maji yake yanaisha upesi, kwa hiyo kidogo asubuhi na kidogo jioni.

Pemba ina shida nyingine: vilima. Mstari unaoteremka kilimani unamwaga maji chini na kuacha juu pakavu. Mipira ilazwe ikikata kilima, kufuata usawa, na bomba la kugawa ndilo literemke. Hata hivyo mistari ya chini itapata zaidi. Ikiwa mstari wa juu una mita 2 za kimo na wa chini una mita 3, wa chini unatoa zaidi kwa asilimia 22. Tofauti hiyo inavumilika. Tofauti ikizidi hapo, weka koki ndogo kwenye kila kundi la mistari na uzikabe zile za chini, au gawa konde mafungu mawili yanayomwagiliwa kwa zamu. Vipo vitufe vinavyosawazisha presha vyenyewe, lakini vingi vinataka mita 5 mpaka 10 za kimo ndipo vifanye kazi, kwa hiyo kwa tangi la mita 2 ni fedha iliyotupwa. Pemba hiyo hiyo inakupa zawadi: ukiweka tangi juu ya kilima na konde chini yake, unapata mita 6 au 8 za kimo bila kujenga ukuta mrefu.

Kwa bustani ya nyuma ya nyumba, ndoo ya lita 20 iliyotundikwa mita moja juu ya ardhi inalisha mpira wa mita 30 wenye matundu 100, kila shina likipata glasi moja ya maji kwa kila ndoo. Mbili kwa siku zinatosha miche na mboga ndogo. Mchicha uliomwagwa mbegu ovyo haufai kwa matone. Huo unataka vinyunyizi vidogo, na vinyunyizi vinataka pampu ya bar moja mpaka mbili. Vitalu vya miche ya mikarafuu vivyo hivyo.

Kuziba, mbolea na chumvi

Maji ya kwenye matumbawe yana chokaa. Tazama birika la nyumbani: ule ukoko mweupe wa ndani ndio unaojijenga kwenye matundu, hasa mfumo ukikaa mkavu juani. Dalili yake haionekani mara moja. Matundu hayazibi siku moja, yanapungua, na mimea ya mwisho wa mstari inaanza kunyong'onyea mchana wakati ya mwanzo imesimama.

Kwa hiyo pima kila mwezi. Kata chupa sita za maji ya kunywa, zichimbie chini ya matundu sita: mawili mwanzo wa konde, mawili katikati, mawili mwisho. Kinga kwa dakika 6 kamili. Pima kila chupa kwa bomba la sindano. Zidisha kwa kumi, hayo ndiyo maji ya saa moja. Kwa mfumo tuliouhesabu, kila chupa inatakiwa kuwa na kama mililita 45 tangi likikaribia kuisha, na zaidi likiwa limejaa. Chupa yoyote iliyo chini ya sehemu nne kwa tano za wastani inakuambia pa kutazama. Zote zikiwa chini, tazama chujio. Za mwisho tu zikiwa chini, fungua ncha usafishe. Moja peke yake ikiwa chini, tundu hilo limeziba.

Ncha zifunguliwe kila baada ya wiki mbili, mistari mitatu mitatu ili maji yawe na kasi ya kusukuma uchafu, dakika mbili kila mstari. Yatakayotoka mwanzo ni ya rangi ya chai. Chujio lioshwe kila siku mbili tatu; maji ya kisima kilicho wazi yanahitaji kila siku.

Mbolea ipite ndani ya maji, ila si kila mbolea. Urea inayeyuka vizuri. DAP na TSP, mbolea za kupandia zenye fosfeti, zinaacha machicha, zitie chini ya udongo wakati wa kupanda. Mbolea za maji zenye fosfeti zinagandana na chokaa ya maji yetu, na mbolea yenye kalsiamu usiichanganye na yenye salfeti au fosfeti kwenye ndoo moja: utaona maziwa meupe, na maziwa hayo ni mawe madogo yanayokwenda kwenye matundu. Jaribu kwanza kwenye chupa ya maji ya kisima chako, iache usiku mzima. Ikibaki angavu, pitisha. Kwa robo eka ya tungule, kilo 2 za urea kwa wiki, zikigawiwa mara mbili, ni kiasi cha kawaida baada ya mimea kushika. Kilo moja iyeyushwe kwenye ndoo, ichujwe kwa kitambaa, itiwe kwenye tangi. Mwaga maji matupu kwanza kwa thuluthi ya muda, kisha ya mbolea, kisha matupu tena ya kusafisha mipira. Ukimaliza na mbolea ndani ya mipira, kesho utakuta utelezi. Maji ya samadi yanafaa, lakini yachujwe mara mbili, na kwa presha ndogo mimi ningeyamwaga kwa kopo shinani kuliko kuyapitisha kwenye matundu.

Jambo moja linawashangaza wengi. Matone yanasukuma chumvi pembeni, ikusanyike kwenye ukingo wa duara lenye unyevu. Unaiona kama unga mweupe. Mizizi iko katikati, salama. Halafu zinanyesha mvua za mchoo, ndogo, za nusu saa. Mkulima anafunga koki kwa furaha. Mvua ile ndogo inairudisha chumvi ya ukingoni mpaka kwenye mizizi, haina nguvu ya kuiosha ikaenda chini, na baada ya siku mbili majani yanaungua. Kwa hiyo mwenye maji ya chumvi, mvua ndogo ikinyesha, afungue koki wakati inanyesha, maji yaendelee kusukuma nje. Masika makubwa ndiyo yanayoosha ardhi kweli, na hayo yakifika, zima bila wasiwasi.

Masika yakikaribia, toa mipira kabla palizi na matope havijaizika. Kabla ya kuitoa, yeyusha kilo moja ya asidi ya sitriki kwenye pipa la maji la lita 200, hicho ndicho kiasi kinachojaza mita 800 za mpira na kubaki kidogo. Jaza mistari, funga, iache saa moja au mpaka jioni, kisha isafishe kwa maji matupu ncha zikiwa wazi. Kama tatizo lako ni mwani na si chokaa, dawa ya klorini ndiyo inayofaa, lakini siku nyingine kabisa na baada ya kuosha mfumo: klorini ikikutana na asidi inatoa hewa ya sumu inayoweza kuua. Zungusha mipira kwenye gurudumu au kibao, usiikunje, uandike kwenye kila roli mita zake na mahali ilipopasuka. Itundike juu, penye kivuli, mbali na ghala la chakula, kwa sababu panya wanaofuata mahindi hawataiacha.